Timu yangu ya hoki ya barafu inajengwa upya, baba mkwe kanichanganya kabisa: tathmini ya msimu kutoka Riyadh

Wakuu, habari za humu ndani. Wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Hii ninayoandika imenitokea mimi mwenyewe, sikusimuliwa kijiweni. Chumvi sitaongeza, maana hata bila chumvi mwenyewe bado sijaielewa. Nilikusudia kuleta tathmini ya msimu wa timu yangu tu, lakini humo katikati kuna baba mkwe. Nimejaribu kuvitenganisha nikashindwa, kwa hiyo someni vyote kwa pamoja.

Kwanza niwaweke sawa.

Mimi ni mtu wa Morogoro, Mluguru, nipo Riyadh kwa mkataba. Natengeneza mashine za hospitali. Naishi mtaa wa Suwaidi na mke wangu Salha na binti yetu Nassra. Salha kazaliwa Jeddah, mtaa wa Mahjar, kwao ni Wazanzibari waliohamia huku baada ya yale ya mwaka 64. Baba yake aliletwa akiwa mtoto. Sasa ni mzee wa sabini na kitu, kauza vipuri vya magari maisha yake yote, kastaafu, yupo nyumbani na mama mkwe.

Timu yangu ni ya hoki ya barafu.

Ndiyo, barafu. Riyadh. Msicheke bado.

Wale mnaocheza fantasy ya mpira wa Uingereza mtanielewa haraka. Ni vilevile. Unakuwa na wachezaji wako kwenye simu, ni watu wa kweli wanaocheza ligi kubwa ya kule Marekani na Kanada. Wakifunga kweli huko, wewe unapata pointi. Wakiumia kweli, wewe unaumia roho.

Bosi wangu kitengoni ni Mkanada, anaitwa Daryl. Yeye ndiye aliyeanzisha ligi hapa kazini, timu kumi na mbili. Wamo Wakanada, Wafilipino, Wahindi, na Msudani mmoja ambaye hata kuongea haongei, anashinda tu. Kuna jamaa alimaliza mkataba akaondoka zake, timu yake ikabaki yatima. Daryl akanifuata karakana akaniuliza kama napenda michezo.

Nikasema napenda sana. Huku ugenini bosi akikuuliza kama unapenda kitu, unapenda.

Sasa hii ligi ina jambo moja. Wachezaji hawachaguliwi upya kila mwaka. Ukiwa nao unabaki nao msimu hadi msimu, kama ndugu. Kwa hiyo mimi nilirithi mizigo ya mtu: wakongwe watupu, majeruhi, na golikipa ambaye nitawaeleza mbele. Timu ilikuwa ya mwisho.

Timu ya namna hiyo dawa yake ni moja, kuijenga upya, wenyewe wanaita rebuild. Unawauza wakongwe wakiwa bado wana thamani. Unachukua vijana, na zamu za kuchagua chipukizi wa miaka ijayo. Unakubali kufungwa sasa hivi, tena kwa moyo mkunjufu, kwa sababu anayemaliza mkiani ndiye anayepewa zamu ya kwanza ya kuchagua chipukizi. Yaani kufungwa kwenyewe ni sehemu ya mpango.

Mpango nilikuwa nao mzuri. Ndipo akaingia baba mkwe.

Niwarudishe nyuma kidogo, mtaona kwa nini.

Nilipotaka kumuoa Salha nilifanya kama inavyotakiwa. Nilimtuma mshenga, mzee mmoja wa Tanga anayeishi Jeddah, akapeleka posa Mahjar. Jibu alilorudi nalo lilikuwa neno moja: "Tumesikia." Halas, basi. Miezi ikapita. Nikamtuma tena. "Tumesikia." Nikamtuma mara ya tatu, ndipo nikakubaliwa.

Tangu siku hiyo nikaweka moyoni kwamba yule mzee hakunitaka, alichoshwa tu. Mimi mtu wa bara, sina ukoo anaoujua, Kiarabu changu cha kuulizia bei. Tukawa tunaongea sikukuu kwa sikukuu. Salama? Salama. Kazi? Salama. Basi nakupa mama yako.

Nassra alipozaliwa wazee wakaja Riyadh kukaa nasi mpaka arobaini. Asubuhi moja tumetoka kuswali alfajiri, mimi nimekaa sebuleni na simu. Mechi za kule huchezwa jioni yao, kwetu ni alfajiri, kwa hiyo ukitoka msikitini unakuta matokeo yanakusubiri.

Akanitazama. "Wasoma nini asubuhi yote hii?"

"Timu yangu, Baba."

"Imeshinda?"

"Hapana. Ni ya mwisho."

"Ya mwisho katika ngapi?"

"Kumi na mbili."

Akakitazama kikombe changu. "Na chai umepikiwa, na umekaa wainywa."

Wakuu, kuanzia hapo sikuwa na timu peke yangu tena. Alitaka kujua kila kitu. Barafu aliyowahi kuiona ni ile ya mabonge ya soko la samaki. Nikamwonyesha video. Lililomvutia zaidi ni kile kijumba wanachofungiwa wachezaji wakicheza rafu, mtu anakaa humo dakika mbili anatazama wenzake wakicheza.

"Kumbe wana adabu," akasema. Akahamia rasmi kwenye timu.

Akabadilisha jina la timu, sasa tunaitwa Barafu ya Mahjar. Majina ya wachezaji yalimshinda, ya Kifini na Kiswidi yale, akawapa ya kwake. Kuna winga mmoja mfupi mwenye kasi, huyo ni Pilipili. Golikipa wetu anaitwa Mlango Wazi, sihitaji kueleza. Na kuna beki mkongwe wa miaka thelathini na sita, hagombani, hacheki, kwenye kijumba haendi. Huyo akamwita Hakimu. Huyo ndiye kipenzi chake.

Tukawekeana ahadi: hakuna kuuza wala kununua mchezaji mpaka wote wawili tukubali.

Aliporudi Jeddah simu ikaanza kuita. Kila asubuhi. Hata salamu anairusha haraka haraka. "Hakimu kafanya nini?" Tunaongea mpaka nafika kazini. Kutoka kwenye hoki tunahamia kwenye bei ya nyanya, kwenye mashine zangu, kwenye Unguja ya utotoni mwake ambayo anaikumbuka vipande vipande.

Nisiwafiche wakuu, hizo simu nilizipenda kuliko timu yenyewe. Baba yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo. Sikuwa nimezoea kupigiwa simu na mzee asiyetaka chochote.

Sasa tuje kwenye msimu.

Ulianza kama nilivyopanga, yaani vibaya. Pilipili aliumia bega mapema akakaa nje nusu ya msimu. Mlango Wazi akawa Mlango Wazi. Vijana wawili niliowachukua mwaka wa kwanza walikuwa wanacheza dakika chache, wanakimbia sana, hawafungi. Tulikaa mkiani kwa raha zetu. Mimi nachekelea, baba mkwe ananung'unika.

"Kila siku twafungwa, nawe wasema vizuri."

"Ndiyo mpango, Baba."

"Mpango wa nani?"

Mtu pekee aliyekuwa anang'aa ni Hakimu. Katika umri ule, sijui alikula nini, akawa na msimu bora kuliko yote ya maisha yake. Pointi zinamiminika. Na hapo kila anayejua rebuild anajua kinachofuata. Unamuuza sasa hivi, bei ikiwa juu, kabla magoti hayajakumbuka umri wake.

Mnunuzi akaja. Jun, nesi wa Kifilipino wa wodi ya juu, timu yake ilikuwa inawania kombe na alikuwa na upungufu wa beki. Akatuma ofa kwenye app: anatupa kiungo chipukizi wa Kicheki, pamoja na zamu yake ya kwanza ya kuchagua mwaka unaofuata.

Wakuu, nilisimama. Nilikuwa nafungua mashine ya oksijeni nikaiweka chini. Hiyo ofa ni ya kukubali huku unaangalia pembeni asije akaghairi.

Lakini ahadi ni ahadi. Nikampigia mzee.

Akasikiliza mpaka mwisho. "Kaja mwenyewe au katuma mtu?"

"Katuma kwenye app, Baba."

"Mara ya ngapi hii?"

"Ya kwanza."

"Basi haijibiwi."

Nikadhani sijasikia vizuri. "Baba, kuna deadline. Keshokutwa jioni Daryl anafunga, hakuna tena kuuziana mpaka msimu uishe."

"Mara ya kwanza haijibiwi, mwanangu. Ukijibu mara ya kwanza utaonekana mtoto umemchoka. Mwambie tumesikia. Mwenye haja atarudi."

Nikabaki nimeshika simu. Maana hilo neno nilikuwa nalifahamu.

Ningefanyaje? Nikamwandikia Jun kwa Kiingereza kwamba tumesikia. Akajibu: mmesikia nini? Nikamwambia tumesikia ofa yako. Akauliza, kwa hiyo mmekubali au mmekataa? Nikamwambia tumesikia tu. Akatuma alama ya kuuliza. Kisha akatuma nyingine. Nikampigia mzee kumwambia jamaa ameulizia tena, jamani tumjibu.

"Kuulizia si kurudi. Arudi na neno jipya."

Hakurudi. Akaenda kwa yule Msudani asiyeongea, Msudani akakubali palepale, akamuuzia beki wake. Deadline ikapita. Msimu ulipokuja kuisha, kombe Jun akalibeba.

Daryl aliniita ofisini kwake kuniuliza kwa nini sikujibu ofa nzuri namna ile. Nikajitahidi kumweleza habari za posa, kwamba kwetu mtu akija kuposa hajibiwi siku hiyohiyo, heshima ni kukaa kimya mpaka arudi. Akanisikiliza kwa makini sana.

"Kwa hiyo yule beki ni bibi harusi?"

Nikamwambia bosi, tuendelee na kazi.

Balaa halikuishia hapo. Hakimu, baada ya kubaki, akaendelea kuwaka. Pilipili akapona akarudi. Hata Mlango Wazi akajifunga komeo wiki mbili tatu. Tukaanza kushinda! Kila wiki tunayoshinda tunapanda ngazi moja, na kila ngazi tunayopanda zamu yetu ya kuchagua chipukizi inarudi nyuma. Tulitoka kwenye zamu ya kwanza tukaishia ya tano.

Nilikuwa naamka naona tumeshinda, naumia. Halafu simu inaita, mzee anacheka upande wa pili, nami nacheka. Nikikata naumia tena. Sikuwa najua nishike lipi.

Na kitu kingine kilinichanganya. Kwenye kuuza, yeye hana haraka kabisa. Kwenye kushinda ana haraka. Mimi kinyume chake. Sasa katika sisi wawili mvumilivu ni yupi?

Asubuhi moja uvumilivu wangu ukafika ukingoni. Tumeshinda tena, kafurahi, anasema mwakani kombe. Nikaona nimweleweshe mzee wangu taratibu.

"Baba, mwakani hapana. Mvumilivu hula mbivu. Timu inajengwa hii. Tunaangalia miaka minne, mitano mbele."

"Mitano."

"Ndiyo, Baba. Ndiyo maana ilibidi Hakimu aende. Mzee hana nafasi kwenye timu inayojengwa."

Nikasikia kikombe kikiwekwa chini.

"Haya mwanangu," akasema. "Nimesikia."

Kesho yake simu haikuita.

Nikasema labda mtandao. Siku iliyofuata nikasema labda anaumwa. Salha akampigia, mzee ni mzima kabisa, katoka msikitini, kala, kagombana na fundi bomba. Kamuuliza Nassra anaendeleaje. Kuhusu timu, mafi, hakuna kitu.

Nikamtumia ujumbe: Hakimu kafunga mawili. Ukasomwa, haukujibiwa. Nikamtumia video. Ikatazamwa, kimya. Nilikuwa naendesha gari kwenda kazini asubuhi bila kujua niisikilize redio au niiache. Nilijisikia vibaya, wakuu, kama mtu aliyefukuzwa mahali na hajaambiwa kosa lake.

Jioni nikamweleza Salha. Alikuwa anapiga pasi.

"Umemwambia nini baba, hasa hasa? Neno kwa neno."

Nikamwambia neno kwa neno. Akaisimamisha pasi.

"Baba Nassra, umemwambia mzee wa sabini na kitu kwamba wazee hawana nafasi?"

"Nilimsema beki!"

"Tena ukamwambia asubiri miaka mitano."

"Ya hoki, Salha. Miaka mitano ya hoki."

"Kwani ya hoki ina miezi mingapi?"

Mwisho wa wiki tukapanda ndege kwenda Jeddah.

Njiani nilijipanga. Nimwombe radhi? Radhi ya nini, kama yeye mwenyewe hajasema amekasirika? Ukimwomba mtu radhi kwa kumwita mzee, si ndiyo unamwita mara ya pili? Salha alikuwa amelala begani kwangu, hana habari.

Kufika Mahjar, mapokezi ya kawaida kabisa. Mjukuu kabebwa, kabusiwa. Asubuhi tumekaa chini, mkate wa tamis wa moto kutoka kwa jirani Mwafghani, ful ya maharage, chai ya maziwa. Mama mkwe anaingia na kutoka jikoni. Mzee ananisogezea mkate, ananiongezea chai, anaongea habari za joto. Hoki hata herufi moja haitaji. Saa za matokeo zikafika, simu yangu ikatetemeka mfukoni, wote wawili tukaisikia. Akaendelea kumega mkate.

Nikashindwa.

"Baba, nimekuja kuhusu Hakimu."

"Kafanya nini?"

"Hajafanya kitu. Niliyoyasema siku ile nilimsema yeye."

"Najua ulimsema yeye," akasema. "Lakini Hakimu hana simu. Ninayo mie."

Nikainamisha kichwa. Nikamwambia Baba nisamehe, sikufikiri. Akanipungia mkono kama anafukuza nzi, maana yake nisiendelee. Kisha akanigeuzia kibao.

"Nawe una lako. Hasira ya yule Mfilipino bado unayo."

Nikakiri ninayo. Nikamwambia Baba, ngoja ngoja huumiza matumbo, tumepoteza kiungo, tumepoteza zamu, kisa kunyamaza.

"Ulipokuja kuposa mara ya kwanza nilikujibu?"

"Hapana."

"Ukaondoka?"

"Nilirudi. Mara tatu."

"Huyo alirudi mara ngapi?"

"Baba, muda uliisha! Alimtaka kweli, Daryl alifunga."

"Angemtaka angekesha mlangoni."

Nataka niseme ukweli wangu wakuu, hapo nilitaka kubishana. Hoja yake haina miguu. App ikifungwa imefungwa, hakuna mlango wa kukesha. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Mama mkwe akasema kutoka jikoni, bila hata kutokeza kichwa: "Mwambie na mengine basi! Mwambie mara ya tatu mshenga alipochelewa ulikuwaje!"

"We mwanamke, angalia chungu chako."

"Chakula hakikupita! Kila gari likisimama nje, yeye dirishani. Yule kijana wa bara hatorudi, yule kijana wa bara kakata tamaa, tumefanya nini sie. Siku nzima nasikia hayo."

Mzee alikuwa anaangalia sahani ya ful. Masikio yamebadilika rangi.

"Si ungejibu tu, Baba?" nikamuuliza. Sikuuliza kwa ubishi, nilitaka kujua kweli.

"Hujibiwi mara ya kwanza," akasema. "Ndivyo ilivyo."

Wakuu, miaka yote ile. Mimi Riyadh nalala nikijua sitakiwi, kumbe Mahjar kuna mtu hali chakula ananingoja. Na hakuna hata mmoja wetu aliyempigia mwenzake simu. Kwa hiyo alivyoninyamazia ndivyo alivyokuwa ananitaka? Na hizi siku ambazo simu haikuita, je? Alikuwa kakasirika, au alikuwa anasubiri nirudi na neno jipya?

Sikuuliza. Niliona nikiuliza nitaambiwa nimesikika.

Akafuta mikono. "Haya, fungua hiyo simu. Imetetemeka tangu saa ile."

Tulikuwa tumeshinda.

Sasa tumalizie na usajili wa chipukizi, ndiyo mwelekeo wenyewe wa timu. Msimu umeisha tukiwa katikati ya msimamo, zamu ya tano. Hapo nami nilikuwa nimegeuka. Rebuild sikuitaka tena. Nilitaka huyu mzee aone kombe, na nilitaka alione upesi. Kulikuwa na winga mmoja wa Kikanada, yuko tayari, mwakani anaanza kufunga. Nikampigia mzee nikamwambia nimempata, huyu ndiye, mwakani tunawania.

Akauliza wengine walioko ni nani. Nikamsomea. Nilipofika kwa golikipa wa miaka kumi na minane kutoka kijiji kimoja cha Ufini, akanisimamisha.

"Huyo vipi?"

"Huyo siyo wa sasa, Baba. Makipa huchelewa. Mpaka aje kudaka ligi kubwa ni miaka minne, mitano. Wengine hawafiki kabisa."

"Mchukue huyo."

"Baba, mitano!"

"Nimesikia. Mchukue."

"Na kombe je?"

"Si umesema timu inajengwa?" Akakohoa kidogo. "Nyumba haijengwi na mlango wazi. Huyo nimempa jina, ni Mjukuu."

Nilibishana, nikamwambia winga, winga. Akawa ananijibu salama kabisa, kama mtu aliyekwishamaliza. Na ahadi yetu ni kukubaliana wote wawili, kwa hiyo alikuwa ananisubiri mimi. Nikamwangalia Salha, ambaye hoki hajui hata inachezwa na watu wangapi, akanikonyeza nibonyeze.

Nikabonyeza. Daryl akaandika kwenye group kuuliza kama nimekosea.

Basi ndiyo tathmini yangu hiyo. Hakimu amesema atacheza msimu mmoja zaidi, na sisi tunabaki naye. Pilipili bega limepona. Vijana wawili wameanza kupewa dakika. Mlango Wazi hatumuuzi, mzee anasema nani atamchukua. Kombe la mwakani halipo, la mwaka wa keshokutwa silioni vizuri.

Nilichojifunza? Nahisi kuna somo hapa lakini kila nikilishika linaniponyoka. Moja nina uhakika nalo: kimya cha mtu usikitafsiri peke yako, rudi ukaulize, hata kama kwenye app mlango umefungwa. Lingine ni kwamba mipango ya miaka mitano tusiipange kwa sauti kubwa mbele ya wazee wetu. Ingawa hili la pili huyu wa kwangu amelivuruga.

Wenye wakwe wa Pwani na Visiwani, nisaidieni. Mzee kama huyu kumchagua golikipa wa miaka mitano amemaanisha nini? Amenisamehe, ananikomoa, au ameelewa rebuild kuliko mimi? Na wale wanaojua hoki kweli kweli, niambieni kama nimepigwa kwenye zamu ya tano. Matusi bakini nayo wenyewe, ushauri leteni hapa.

NYONGEZA: Naona wengi mmeuliza kama zile simu zimerudi. Zimerudi. Ligi imefungwa, hakuna mechi, wachezaji wapo likizo, na bado kila asubuhi baada ya alfajiri inaita. Anauliza kama Mjukuu ameanza kudaka.

Namwambia bado, Baba.

Anasema haya, ntapiga kesho.